Pumzi Mtaani

Chonya alikuwa akipiga muziki wa bluzi huku amefumba macho, harmonika ya kupuliza na maikrofoni amevibana pamoja viganjani, spika ndogo ikining'inia kiunoni. Juzi Bi Radhia alivuka barabara kutoka duka la kushona akamwomba, "Mwanangu, punguza sauti. Mume wangu hajalala siku ya tatu leo." Chonya aliona ni roho mbaya tu, akaongeza.

Leo alipofumbua macho, mtaa mzima ulikuwa umesimama. Maduka yamerudisha milango, redio zimezimwa, waendesha baiskeli wameshuka. Jeneza lilikuwa likitoka duka la kushona, na aliyekuwa bado akipiga muziki ni yeye peke yake.

Akaacha kupiga, lakini mikono ilimfia ganzi, harmonika ikabaki mdomoni. Alipovuta pumzi, harmonika ililia. Alipotoa pumzi, ikalia tena, na spika ikautangazia umati.

"Zima, mshenzi wewe!" alifoka mmoja wa wabebaji.

"Mwacheni," Bi Radhia alisema, amesimama mlangoni. "Ndivyo mume wangu alivyokuwa akihema usiku kucha."

Chonya akabana pumzi. Jeneza lilikuwa bado halijafika kona.