Rangi ya Nyumba ya Saumu

Runinga ilimtangaza diwani kabla masanduku hayajafunguliwa. Siku hizi mtambo unakisia kura ya kila nyumba, na makisio yake ndiyo matokeo. Kombo alishindwa kwa kura moja. Kwenye ramani ya matokeo runingani, nyumba ya dada yake Saumu, mjane anayeishi peke yake, ilipakwa rangi ya mpinzani.

Kombo alicheka, yeye na Saumu wakila pilau sinia moja. "Dada, mtambo umechanganyikiwa! Kesho nakata rufaa, sanduku lifunguliwe. Kura yako itawaumbua, au siyo?"

Saumu aliona uso unamwaka. Asubuhi, kwenye kibanda cha kura, alidhani yuko peke yake.

"Kula kwanza, mdogo wangu," alisema, akimsogezea nyama zote za upande wake.