Kijani

Loretta alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kijani, na jina lake likawaka ukutani mbele ya bunge zima la jimbo. Muswada ule ungewazuia wachimba makaa wagonjwa wa mapafu kuishtaki kampuni ya mgodi. Yeye, binti wa mchimba makaa, alikuwa ameuunga mkono.

"Hongera, Seneta mtarajiwa," kiongozi wa chama chake alimnong'oneza, akiegemea kiti cha Loretta. "Tiketi ni yako."

Spika alikuwa bado hajafunga kura. Loretta akainua macho kwenye roshani ya wageni. Pale alikaa jirani yake wa zamani, mchimba makaa mstaafu, mrija wa oksijeni puani, amevaa suti yake ya mazishini. Mzee wa watu hakujua kwamba kijani ndiyo inayomzika. Aliona tu jina la binti wa kijijini kwao linawaka. Akampungia mkono kwa fahari, akamgeukia mtu wa kando.

"Yule wetu yule! Hawezi kututupa!"

Loretta akashusha macho kwenye vitufe.

"Kuna anayetaka kubadili kura?" Spika aliuliza, nyundo ikiwa juu.

Kidole cha Loretta kikasogea hadi kitufe chekundu.

"Usithubutu," kiongozi alisema, tabasamu limefutika. "Ukigusa hicho, mama, umekwisha. Hata udiwani utausikia redioni."

"Nimekusikia," alisema Loretta, akabonyeza.

Nyundo ikalia. Jina lake likageuka jekundu, na kule juu mkono wa mzee, aliyedhani sasa wametupwa, ukashuka taratibu.