Digidigi Asimamisha Gari

Katika mbuga moja ya mbali aliishi Digidigi, mnyama mdogo mwoga, pamoja na mtoto wake. Asubuhi moja alimwona Chui amejibanza kichakani, karibu kabisa na pale mtoto alipolala.

"Piga kelele upendavyo, mama," Chui alimnong'oneza. "Nani atamjali kiumbe wa kimo chako?"

Mara gari la wageni likasikika. Siku zote Digidigi akilisikia hukimbia, lakini leo alisimama katikati ya njia, akakikazia macho kichaka na kupiga mluzi.

"Twende bwana, hako ni kaswala tu," mgeni mmoja alilalamika. "Tuna siku mbili, tunataka kuona chui."

Dereva alizima injini. "Subiri kidogo. Huyu mama kuna kitu anakiogopa kuliko gari. Hebu tazameni anakotazama."

Darubini zote zikageukia kichakani. Chui, asiyependa kuonwa, akanyanyuka kwa hasira na kutokomea.

"Chui! Mfuate!" wageni walipiga kelele.

Dereva hakuwasha gari mpaka Digidigi alipokwisha kumvusha mtoto wake njia, taratibu, kwa miguu yao myembamba.