Ukuta wa Wodi ya Wanawake

Hospitali yetu huku milimani haitumii umeme kupasha wodi joto. Ndugu hukaa ukumbini wameegemea ukuta, nao ukuta hunyonya joto la migongo yao na kulipeleka kwenye kitanda cha mgonjwa wao. Mwenye ukoo mkubwa hulala kama mkate kwenye tanuri.

Mzee Tweve hakujaliwa watoto. Mkewe Sekela alipolazwa kwa kichomi, mzee alimkalia ukutani peke yake.

Juzi nesi Luvanda akamwinamia. "Shikamoo, baba. Kitanda cha mama kimepoa."

"Marahaba. Kimepoaje, nami sijabanduka hapa?"

"Mwili umezeeka, baba. Sasa ukuta ndio unaokupasha wewe. Joto la mama unalichukua."

"Basi nipe chai ya moto nirudishe!"

"Chai haitoshi. Tafuta mtu mwenye damu changa."

Mzee akatutazama sisi tulioegemea ukuta pamoja naye. Tukainamisha vichwa, kila mtu ana mgonjwa wake. Akainuka, akaingia wodini, akamfunika mkewe kwa koti lake.

"Nani ananikalia ukutani?" Sekela akauliza.

"Wapo. Wengi tu, wanasukumana."

"Hebu nipe mkono."

Mzee akaificha mgongoni mikono yake iliyopoa. "Lala kwanza, mke wangu," akasema.