Kikombe cha Chachu

Siku moja walikuwepo Ngedere mkuu wa kazi, Mchwa mtafuna mabua, Kobe mchochea moto, na Panya Buku aliyebeba mtoto mgongoni. Kazi yao ilikuwa kugeuza mabua ya mahindi kuwa mafuta ya kuwashia taa. Bila chachu iliyokuwa chunguni, mabua yangebaki mabua.

"Nani amempa Komba wa ng'ambo ya bonde chachu yetu?" Ngedere aliuliza.

Buku alisogea mbele. "Ni mimi, mkubwa. Yake ilikufa, akaja analia. Nilimpa kikombe kimoja."

"Komba anashindana nasi, nawe unamlisha? Hama leo hii na mwanao."

"Mkubwa, mvua inanyesha," Kobe alisema polepole, "na huyo mtoto..."

"Wewe chochea moto."

Ngedere alikiziba chungu kwa udongo, akakisogeza kando ya jiko ili akilinde mwenyewe. Buku alipomaliza kufunga virago, chungu kilizibuliwa. Hakikuwa na povu hata moja. Mchwa akaonja.

"Imeiva kama uji, mkubwa. Umeipika."

Buku aliitazama sura ya Ngedere, akamhurumia. Akatua mzigo, akashuka bondeni mvuani. Alirudi na Komba, aliyeshika kikombe cha chachu kilichofunikwa kwa jani.

"Nimekuja kwa sababu ya dada Buku," alisema Komba. "Wewe nisingekuletea."

Ngedere akakipokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo chachu hutunzwa katika vyungu viwili, kimoja kila upande wa bonde.