Magoti ya Mzee Kibwana

Siku hizi gegedu la marehemu, ule mfupa laini wa kwenye maungio, hurithiwa kama shamba. Kwenye arobaini ya baba mkwe wangu, Mzee Kibwana, ukoo ulinipa mimi la magoti yake, kwa sababu mimi ni fundi vigae na langu lilikuwa limelika lote.

Sina malalamiko. Napiga magoti kutwa nzima bila maumivu. Daktari alisema gegedu ni wavu wa nyuzi za protini, na ndani yake kuna protini nyingine zinazoshika maji, ndiyo maana goti hubonyea na kurudi. Akasema pia kwamba nyuzi hizo hujipanga kufuata mwendo wa mwenyewe. Hizi alizipanga mzee, kwa hiyo natembea kama yeye: hatua nzito, kisha kuburuta kidogo.

Mama mkwe anaishi kwetu, na macho yake hayaoni tena. Mimi hukohoa mlangoni ili ajue mkwe anaingia. Jana nilisahau.

"Umechelewa, Baba Saumu," akasema kutoka chumbani. "Na viatu uvue, mwanao kapiga deki."

Mke wangu Saumu alicheka hadi akashika ukuta. "Haya, baba, mjibu mkeo!"

Nilitaka kusema ni mimi, Shomari. Lakini sauti ile ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu msiba. Nikavua viatu.

"Nimevua," nikasema.

"Sauti hiyo ni mafua. Njoo unywe chai ya tangawizi."

Nikaenda. Saumu akaacha kucheka.