Waya wa Sita

Mtaa wa mafundi ulikuwa na desturi yake: aliyefunga injini ndiye husimama mbele ya bampa, mgongo ukutani, mwenye gari akiijaribu. Fundi Sikudhani alisimama pale, ameshika kebo ya zamani ya mafuta, ile iliyovutwa na pedali. Injini hii mpya haikuitaka. Pedali yake ya mafuta ilitumia nyaya sita za umeme, na waya wa sita aliuunga kwa kubahatisha.

“Mbona jasho, fundi?” Mzee Shomari, mwenye gari, alimtania kutoka kwenye usukani. “Kebo nilikuwa naiona kwa macho. Umeme wako nitauaminije?”

“Kanyaga kidogo tu, mzee.”

Injini ikaitikia vizuri. Watu wakashangilia, wakasogea wakambana huku na huku. Mzee akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza. Kama Sikudhani angenyamaza, jina lake lingebaki safi.

“Zima, mzee! Kuna waya sina hakika nao!”

Wakamcheka. Mzee naye alicheka, mpaka alipoondoa mguu kwenye mafuta na mngurumo wa injini ukazidi kupanda. Mkono wake ukapapasa ufunguo. Mguu wa kushoto, ulioshikilia klachi gari lisiruke mbele, ukaanza kutetemeka.

Sikudhani, mgongo ukutani, akaizungusha kebo ile isiyofungwa popote kwenye ngumi yake, akaikaza.